Waya wa Jumamosi

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinijia sebuleni akiomba neno la siri la kile kisanduku cha intaneti. Anataka kufungua mlango, anasema, ili wenzake wa mbali wanaocheza naye kwenye mashine yake ya gemu waingie moja kwa moja, kisanduku kisiwasimamishe kuwauliza ninyi akina nani. Gemu zinakatika-katika, bibi. Tukiacha wazi, hakuna neno.

Hakuna neno! Nilishtuka mpaka chai ikanimwagikia mapajani. Mtoto wa watu akadhani nimepandwa na presha, akakimbilia maji. Nikamwambia kaa hapo. Maneno hayo hayo niliwahi kuambiwa na mtu mzima mwenye tai, na yalitaka kunipotezea mdogo wangu.

Miaka ya sabini nilikuwa opereta wa simu pale posta, Mbeya mjini. Mbele yangu ubao wa matundu, kila tundu na laini yake: Tukuyu, Chunya, Mbalizi, Iringa. Mtu akizungusha mkono wa simu yake huko aliko, kwangu kibao kidogo cha chuma kinaanguka. Nachomeka waya, nauliza: Mbeya hapa, wewe nani, unamtaka nani? Nikiridhika nampigia wa upande wa pili, namwambia pokea simu kutoka mahali fulani, ndipo nawaacha waongee. Simu ya mbali haikuingia kwa mtu bila sauti ya opereta kutangulia. Sisi ndio tulikuwa hodi.

Baba alikuwa mtunza ghala wa ushirika kule Mbalizi, na nyumba yetu ilikuwa nyuma ya ghala. Simu ilikaa ofisini kwake, nayo haikuwa yake peke yake. Laini moja ilihudumia ghala, zahanati na mashine ya kusaga, na kila mmoja alikuwa na mlio wake: mirefu miwili ghala, mfupi na mrefu zahanati, mifupi mitatu mashine. Mlio mmoja mrefu sana ulikuwa wa kutuita sisi mjini. Mkitaka kupigiana wenyewe kwa wenyewe mlizungusha tu, opereta hakuwahusu. Sheria ilisema mlio usio wako usiupokee. Nani alifuata? Zahanati walisikiliza, mashine walisikiliza, na mama yangu, Mungu amrehemu, aliwashinda wote.

Baba alikuwa na ugonjwa mmoja tu, drafti. Mwenzake alikuwa Iringa, mtu waliyefanya naye kazi kwenye chai ya Mufindi ujanani wakaapiana undugu, na sisi tulimwita baba mdogo. Jumamosi mchana walicheza kwa simu. Baba na ubao wake wa vifuniko vya soda huku, baba mdogo na wake kule, na miraba yote ina namba. Mchezo mmoja ulichukua Jumamosi kadhaa, maana wazee wale walifikiri mpaka ungedhani wamelala. Katikati ya wiki ubao ulikaa juu ya kabati, asiuguse mtu. Kwa hiyo walikuwa na desturi: anayepiga simu, kabla hata ya kuuliza watoto hawajambo, anatoa kamwene ya Kihehe na kutaja alipoishia. "Kamwene, kaka. Ishirini na mbili kwenda kumi na nane." Baba anatazama ubao, anaitikia, ndipo salamu zinafuata. Alipenda kutuambia, "Anayejua ubao ndiye ndugu yangu."

Tatizo likawa sisi maopereta. Tukiona kimya kirefu tunaingilia: bado mnaongea? Baba anawaka. "Mwanangu, nilikuwa nakaribia kuingiza kingi, umenivuruga!" Akaenda kulalamika kwa msimamizi wetu. Na msimamizi naye, ole wetu, alikuwa mgonjwa wa drafti vile vile. Akatoa amri: Jumamosi chomeka Iringa na Mbalizi pamoja, uwaache. Mzee wa Iringa aingie moja kwa moja, bila kuulizwa. Kibao cha Mbalizi kikianguka usikiguse, ni wazee hao.

Nilisema mimi! Nilisema, na msimamizi alinisikia. "Mzee, na mtu mwingine akiingia je?"

Akacheka mpaka tai ikacheza. "Mtu gani, binti? Mwizi wa kete? Acha wazi, hakuna neno."

Basi nyumbani wakazoea. Jumamosi simu inalia, unapokea, hakuna opereta, hakuna pokea simu kutoka Iringa, ni sauti tu inayotaja ubao.

Mdogo wangu wa kike alikuwa amemaliza darasa la saba. Mke wa baba mdogo alikuwa fundi cherehani pale Iringa na alikuwa ameahidi kumchukua amfundishe. Jambo hilo lilizungumzwa Jumamosi nyingi katikati ya kete, kwa hiyo laini nzima ililijua. Mwenye mashine ya kusaga alilijua pia. Huyo bwana, umri wa baba, wake wawili ndani, alikuwa ametuma wazee kumposa mdogo wangu, na baba akawarudisha na kuku wao. Hakukasirika. Alicheka, akasema riziki ni ya Mungu, na akaendelea kutusagia mahindi na kutusalimia vizuri. Mimi yale meno yake ya kucheka sikuyapenda tangu mwanzo.

Jumamosi yenyewe mvua ilikuwa imenyesha vibaya. Nilipoingia kazini asubuhi laini ya Iringa ilikuwa imekufa. Nguzo zilikuwa zimelala mbele ya Makambako, mafundi wameondoka na Landrova, na hakuna aliyejua watamaliza lini. Msimamizi akaniambia chomeka hivyo hivyo, wakiunga tu wazee wacheze. Nikachomeka. Baba mwenyewe hakuwepo, alikuwa Usangu kupokea mpunga.

Mchana kibao cha Mbalizi kikaanguka. Nikakitazama. Amri ni amri, sikukigusa.

Baadaye ukaja mlio mrefu wa kutuita. Alikuwa mama, na furaha yake iliniingia sikioni kabla ya maneno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Ndaga fijo, asante sana, Mungu ametenda! Mdogo wako kaondoka."

"Kaondoka kwenda wapi?"

"Iringa! Shemeji kapiga simu mchana. Anasema nafasi ya cherehani imepatikana, na kuna pikapu ya rafiki yake inapita hapa, tumpakie leo leo. Nimemfunga mzigo, nimemtia na maparachichi ya shangazi. Kaondoka analia na kucheka."

Nilitazama ule waya. Ulitoka tundu la Mbalizi ukaingia tundu la Iringa, na tundu la Iringa lilikuwa limekufa tangu asubuhi. Hakuna binadamu aliyeweza kupiga simu kutoka Iringa siku ile. Hakuna! Nilitaka kupiga kelele, nikatoa swali tu.

"Una hakika ni yeye, mama?"

"Wee mtoto, mimi mjinga? Kaanza na kamwene yake, kataja ubao, ishirini na mbili kwenda kumi na nane. Nikapanda kitini nikatazama juu ya kabati, kete iko pale pale. Si baba yako husema anayejua ubao ndiye? Sauti imekwaruza kidogo, ana mafua. Na nyuma yake kulikuwa na mngurumo, tu-tu-tu-tu, nikajua yuko karibu na viwanda."

Na mimi nikausikia. Sio wa kuhadithiwa. Pale pale, nyuma ya sauti ya mama, chini kabisa kwenye waya: tu-tu-tu-tu. Injini ya mashine ya kusaga. Mlio ule nilikua nao, uliniamsha kwenda shule miaka yote.

Alikuwa amenyanyua simu. Alikuwa anatusikiliza.

Mungu wangu! Simu ile haikutoka Iringa wala popote. Ilitoka ng'ambo ya barabara, umbali wa kutupa jiwe kutoka mlangoni kwa mama. Alipiga mlio wa ghala kwenye laini yao wenyewe, na kwa kuwa nyumbani walikuwa wamezoea kutosikia opereta siku ya Jumamosi, hakuna aliyeshangaa. Ubao aliujua, kwa nini asiujue? Kila Jumamosi alikuwa na sikio ndani ya mchezo wa baba. Na sasa anasubiri kusikia kama binti wa posta ameshtuka. Nikishtuka, anamhamisha mdogo wangu dakika ile ile, na akishashika njia ya Chunya ni pori mpaka Makongolosi.

Sijui nguvu zilitoka wapi. Nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya dukani, "Vizuri, mama. Hata mimi nimeongea na baba mdogo asubuhi. Atafika salama."

"Haya, mwanangu. Ubaki na amani."

Mama akakata. Sikio langu likabaki kwenye waya. Ile injini iliendelea kidogo, halafu ka, simu ikawekwa, nayo ikanyamaza. Ameridhika.

Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilipomwambia, uso wake ulipauka, akakaa chini sakafuni na suruali yake ya pasi. Sikuwa na muda naye. Kituo cha polisi Mbalizi kilikuwa na laini yake peke yake, nikachomeka. Afande akaanza utani, eti binti wa posta leo umenikumbuka. Nikamkatisha.

"Afande, laini ya Iringa imekufa tangu asubuhi. Mama yangu amepigiwa simu kutoka Iringa mchana huu. Amemtoa mdogo wangu. Nani kapiga? Na kwenye waya nimesikia injini ya mashine ya kusaga."

Akasema neno moja ambalo siwezi kuliandika, na nikasikia kiti chake kikianguka.

Walimkuta mdogo wangu kabla jua halijazama. Alikuwa ndani ya stoo ya mashine, nyuma ya magunia ya pumba, mzigo wake magotini, na maparachichi hajagusa hata moja. Ile pikapu ilikuwa imezunguka tu ikaingia uani kwa nyuma. Nje lori la Makongolosi lilikuwa linapakia unga. Huko bwana yule alikuwa na mashine nyingine. Mama alifika akipiga yowe, akavua kandambili akamtandika mwenye mashine usoni mbele ya polisi, na afande akageuka kutazama milima. Mjini, msimamizi alinyanyuka akachomoa ule waya kwa mkono wake mwenyewe. Hakuniambia kitu, na mimi sikumwambia kitu, maana ningesema ningefukuzwa kazi.

Nguzo ziliposimamishwa kibao cha Iringa kikaanguka. Nikachomeka. "Mbeya hapa, wewe nani?"

"Eh! Leo unaniuliza?" Baba mdogo akacheka. "Ishirini na mbili kwenda kumi na nane."

"Hiyo kila mtu anaijua, baba mdogo."

Nikamweleza yote. Mzee yule alilia kwenye simu kama mtoto, akisema wametumia mdomo wangu, wametumia mdomo wangu. Baba hakuugusa ubao mpaka masika yakaisha.

Lakini kilichonishtua kuliko vyote kilikuja baadaye. Mdogo wangu alikuwa haongei na mimi. Nikija nyumbani anatoka, nikimletea kitambaa anakiacha mezani. Nikasema ni hofu, itapita. Haikupita. Siku moja mama akamkalisha kwa nguvu jikoni, akamwambia sema, dada yako ndiye aliyekuokoa, una nini naye?

Akaongea akitazama moto. Alisema waliposhusha komeo la stoo alijua amedanganywa, akaanza kupiga kelele. Alimwita mama. Injini ilikuwa kubwa, lakini alijua ikizimwa tu mama atasikia, kwa hiyo aliendelea. Halafu bwana yule akatoka kwenye simu akaja mlangoni, akamwambia unalia nini, hata dada yako wa posta amekubali.

"Sikumwamini," mdogo wangu akasema. "Lakini akaiga sauti yako. Vizuri, mama. Atafika salama. Vile vile unavyosema wewe, dada. Nikajua ni kweli umesema, nikajua mmenitoa wote. Nikanyamaza. Hata alipozima mashine, sikuita tena."

Mama aliangusha mwiko. Ningefanya vingine? Ningesema nini, na yule anasikiliza? Nimejiuliza miaka yote hii, na jibu ni lile lile, na halinisaidii.

Alikwenda Iringa, akajifunza cherehani, na mpaka leo yuko huko, fundi mwenye mafundi wake. Tulipatana. Ila nikimpigia simu haniitikii haloo. Anapokea, ananyamaza, nasikia cherehani nyuma yake, anasubiri. Kuna neno letu, mimi na yeye tu, hatujawahi kulitaja mbele ya mtu. Nikilisema ndipo anasema, "Shikamoo, dada." Nisipolisema, anakata.

Siku mama alipofariki nilimpigia nikiwa nalia, nikasahau. Akakata. Nikafuta machozi, nikapiga tena, nikalisema kwanza, ndipo nikamwambia mama hatunaye.