Ngano Aliyosingiziwa Bibi

Ilipofika wiki ya saba ya muhula, Anande Sifael alikuwa nyuma kwa mihadhara mitano. Hakuwa mvivu. Kwa miaka kumi na moja alikuwa msaidizi wa maktaba katika chuo kimoja upande wa Usa River, akiwa na cheti tu, hadi uongozi ulipotoa waraka kwamba ifikapo Desemba asiye na stashahada atahamishiwa kitengo cha usafi. Akajiandikisha kusoma fasihi simulizi kwa mtandao, katika chuo cha mbali ambacho hajawahi kukanyaga. Masomo mengine aliyamaliza. Lilibaki moja, Visasili na Ngano.

Kisha mwezi wa nne mumewe, Melkizedeki, akagongwa na gari akiwa kwenye bodaboda, akavunjika paja. Binti yao Blessing yuko bweni, kwa hiyo uuguzi wote ukamwangukia Anande. Akawa anasikiliza mihadhara kwa spika moja ya sikioni huku akimgeuza mumewe kitandani. Mwalimu akieleza kisasili kinavyotofautiana na kisakale, yeye yuko nje anamwaga maji ya beseni, na akirudi mada imeshapita. Jaribio la kwanza alipata kumi na nane kwa mia. La pili mtandao ulikata akiwa swali la nne.

Msimamizi wa somo, Mwalimu Solomoni, akamwandikia: "Dada Anande, kilichobaki cha kukuokoa ni kazi ya uwandani. Simulizi moja kutoka kwa msimulizi aliye hai, kwa lugha yake, pamoja na tafsiri. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo, saa sita mchana."

Jumamosi hiyo alimwachia mumewe chupa ya chai na simu ya pili kando ya mto wa kulalia, akapanda kijijini Nkoaranga kwa mama wa mama yake. Bibi Ndeanasia, mwenye miaka themanini na minne, alikuwa ameketi mlangoni pa jiko akimenya ndizi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

Anande alijibu kwa kifupi, akaeleza shida yake na kutoa simu. Bibi akaitazama.

"Hayo mambo niliyaacha nilipopata kipaimara ukubwani," akasema.

"Mama alisema ulikuwa unawasimulia watoto hapa hapa jikoni."

"Mama yako alikuwa mtoto."

"Moja tu, Bibi. Hata fupi. Bila hiyo nafeli, na nikifeli kazi imekwenda."

"Basi nitakusimulia Yona. Yona namjua mwanzo mpaka mwisho."

Alibembeleza mpaka ndizi zikaisha kumenywa. Akateremka na simu tupu, na kwenye kona ya njia, penye migomba ya watu, akakaa chini akalia.

Alhamisi, wakati wenzake wa maktaba wamekwenda kula, alifungua kompyuta akaandika. Aliandika kwa lugha ya Bibi, Kimeru chake cha mtoto aliyekulia mjini, chenye mapengo: binti aliyetumwa maji mlimani, akakuta chemchemi inalindwa na nyoka, nyoka akataka kumwoa ndipo amruhusu kuchota. Ilimchukua saa moja, pamoja na tafsiri. Chini akaandika, "Msimulizi: Ndeanasia, miaka 84, Nkoaranga." Akausoma mstari huo mara mbili. Kisha akatuma.

Jumatatu Mwalimu Solomoni akapiga simu.

"Nimefundisha miaka kumi na tano sijaletewa simulizi ya namna hii. Nataka iingie kwenye hifadhi ya chuo. Nitumie ile sauti ya Bibi."

"Sauti," alisema Anande. "Nitaitafuta, Mwalimu."

Siku ya pili akamweleza mumewe yote. Melkizedeki akamwambia, "Mama Blessing, sema simu iliibiwa. Imekwisha."

"Halafu wakimpigia Bibi mwenyewe?"

"Na wakikutoa maktaba tutaishije? Mimi ndiye huyu unayeniona." Akajifunika shuka mpaka usoni. Anande akabaki amesimama na sahani ya loshoro, mahindi ya maziwa ya mgando, mkononi, hajui aiweke wapi.

Alhamisi aliomba ruhusa kazini, akapanda tena Nkoaranga. Hakuwa na mpango wowote. Aliona tu kwamba mwenye jina lazima ajue. Akamsomea Bibi karatasi yote, mpaka ule mstari wa mwisho.

Bibi aliinyoshea karatasi kidole.

"Umeweka jina langu hapo?"

"Nimeliweka, Bibi. Nisamehe."

"Habari ya chemchemi alikwambia nani?"

"Hakuna. Nimeitunga."

"Hukuitunga. Mama yako alikuwa akikuimbia ukiwa mgongoni, na alikuwa akiikosea." Sauti yake ilikuwa kali sasa. "Nyoka ana kazi gani na mke? Aliomba jina. Alisema, niachie jina lako nikuachie maji. Binti akarudi na mtungi umejaa, mama yake akafungua mdomo amwite, akakosa la kuita. Washa hicho chombo. Kama nimeshasemwa kwamba nilisema, basi isemwe sawasawa."

Alisimulia kwa dakika arobaini. Palipokuwa na wimbo aliuimba, na sauti ilipomkatikia alisubiri, akaurudia.

Jioni Anande alituma sauti ile pamoja na barua ya kukiri yote. Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Mwalimu Solomoni alimshukuru kwa kusema kweli. Kazi ya kwanza ilikuwa ya kughushi, imepewa sifuri, na sauti haiwezi kupokelewa kwa kuwa tarehe imepita. Atarudia somo kuanzia Oktoba.

Matokeo ya marudio hutoka Februari. Desemba ilifika kabla. Akakabidhi funguo za maktaba, akapewa ovaroli ya kijani na ufagio, na kwa wiki nzima ya kwanza wanafunzi waliokuwa wakimwomba vitabu walipita pembeni yake wakitazama simu zao. Melkizedeki alikuwa ameanza kutembea kwa magongo, hatua chache, hadi kwenye geti na kurudi.

Februari alipata sitini na moja. Aliandika barua ya kuomba kurudishwa maktaba, akaambatanisha matokeo, akaipeleka mwenyewe ofisi ya utumishi. Sasa ni mwezi wa tano. Anafagia korido ya ofisi hiyo kila asubuhi, na bado hajajibiwa.