Chumvi ya Kondoo

Dada yangu Zoila alikuwa na rovu shingoni. Mama yetu alikuwa nalo, na bibi yetu alizikwa na lake, kubwa kama kiazi cha mbegu. Mimi langu ni dogo, linajificha chini ya shanga. Kijijini kwetu, huku juu milimani, hakuna aliyeshangaa. Watu walisema, "Maji hufuata mkondo," wakaendelea kula. Wala shingo haikumuuma Zoila. Kilichomuuma ni Abelardo, mwanawe wa kwanza, aliyefikisha miaka mitano bila kusikia jina lake hata mara moja.

Kwetu wanawake ndio wapika chumvi. Tunachota maji kwenye visima vya mwambani, tunayachemsha kutwa nzima, kisha tunaifinyanga chumvi iwe madonge na kuyafunga kwa nyasi. Binti akiolewa, mama yake humpa donge moja alitundike juu ya moto, awe analikwangua kila anapopika. Likiisha, anarudi kwa mama kuchukua jingine. Chumvi ya dukani, ile nyeupe ya unga, ni ya mifugo. Mtu mwenye akili zake hailambi. Ndivyo tulivyolelewa, na tulijivuna kweli.

Zoila aliposhika mimba ya pili, alikuja nesi kutoka bondeni, jina lake Yolanda, mwanamke mnene aliyepanda mlima kwa miguu huku akiyatukana mawe. Akampapasa Zoila shingo, akamtazama Abelardo akicheza peke yake, akaketi.

"Dada, hili la shingoni na lile la mtoto ni kitu kimoja," akasema. "Chumvi yenu haina madini joto. Ukiyakosa wewe, na aliye tumboni anayakosa. Tumia hii, anza leo." Akatoa mfuko wa chumvi ya unga.

"Ya ng'ombe?" Zoila akauliza.

"Ya ng'ombe, ya nesi, ya rais. Kula!"

Zoila akala. Wiki mbili nzima alikula kwa siri. Kila asubuhi alikwangua donge lake na kumwaga unga nje, mama asije akaona kwamba halipungui. Nilimcheka. Yeye hakucheka, alikuwa anashika tumbo.

Kisha mama, Natividad, akaja kunywa supu ya shayiri. Akaonja kijiko kimoja, akakiweka chini.

"Chumvi hii kapika nani?"

Zoila akachochea moto.

"Nakuuliza wewe. Huu mdomoni mwangu ni ulimi, si gome la mti."

"Ya nesi, mama. Kwa ajili ya mtoto."

"Ala! Nyumba ya wapika chumvi inalishwa chumvi ya ng'ombe! Basi na samaki naye aombe maji kwa jirani." Alicheka. Akatunyoshea mikono, ina makovu ya moto hadi viwikoni. "Mikono hii imeungua miaka arobaini ili nyinyi mle. Kumbe nilikuwa nawalisha sumu?"

Akaanza kulia. Hasira za mama, Zoila aliziweza; machozi yake hakuyaweza. Akautoa mfuko chini ya kitanda, akanikabidhi.

"Delfina, mdogo wangu, kawape kondoo."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na miaka kumi na sita na mdomo mrefu, nabishana na kila mtu. Siku ile sikubisha, kwa sababu na mimi niliona chumvi ile ni ya kondoo. Niliwamwagia juu ya jiwe, wakailamba mpaka jiwe likang'aa. Nesi aliporudi na mfuko mwingine, Zoila alimwambia huku ameinama, "Natumia, dada." Nao nikaupeleka kulekule. Ilikuwa mifuko minne, na nitaikumbuka mpaka nife.

Luzmila alizaliwa wakati wa kuvuna shayiri, mtoto mzuri mwenye nywele tele. Zoila alimwimbia kila alipomnyonyesha. Miezi ikapita. Sote tulikuwa tunajua, hakuna aliyethubutu kusema.

Asubuhi moja mama aliingia, akachukua kifuniko cha sufuria na upawa. Watoto wote wawili walikuwa wamekaa juu ya ngozi ya kondoo, wametupa mgongo. Mama akapiga. Abelardo hakugeuka, lakini huyo tulimzoea. Luzmila naye hakugeuka. Mama akapiga tena, na tena, mpaka kifuniko kikabonyea, na yule mtoto anachezea manyoya tu.

Mama akapiga magoti. "Ni mimi, Zoila," akasema. "Ni mimi mwanangu."

"Hukujua, mama."

Heri angemtukana. Alisimama, akalitungua donge la chumvi juu ya moto, akamwekea mama mikononi taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha kuazima.

"Sitakuja kuchukua jingine," akasema.

Mama hakuchota tena maji mwambani. Majuto ni mjukuu. Mimi niliolewa, nikapika kwa chumvi ya dukani tangu siku ya kwanza. Wanangu watatu wanasikia vizuri, na tukienda kwa Zoila nawakemea wanyamaze, maana kelele zao zinanitia aibu mbele yake.

Mwaka ule aliozaliwa Luzmila, kondoo wetu walizaa mapacha karibu wote, wana-kondoo wenye nguvu na sauti za kutoboa masikio. Uzao wao ungali upo. Luzmila sasa ni msichana mkubwa, na ndiye anayewachunga. Jioni nawasikia kutoka huku kwangu, kundi zima linamlilia awarudishe zizini, naye amekaa juu ya jiwe lile amewapa mgongo, anamenya kiazi chake.