Sepeto la Theluji la Stechford

Mwaka ule theluji ilipofunga barabara za Birmingham, shemeji yangu alitaka kununua sepeto kubwa la chuma la kufunga mbele ya pikapu yake, asafishe njia za magari kwenye nyumba za matajiri wa Sutton Coldfield. Lakini pikapu hiyohiyo ndiyo iliyowalisha yeye na dada yangu, kwa kusambaza mboga kwenye maduka ya Lozells. Ikiharibika, hana kazi.

Muuzaji tuliyemwendea mtaa wa Stechford, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, alitupokea kwa Kiswahili. "Karibuni, ndugu zangu! Mtu wa nyumbani simuuzii takataka."

Shemeji alilainika papo hapo. Mimi niliinama kuangalia. Rangi ya njano ilikuwa mpya kwenye maungio tu, kana kwamba inaficha nyufa.

"Shemeji, umekuja kununua au kupekua kama askari?" mume wa dada akanitania.

Niliomba sepeto lifungwe kwanza kwenye pikapu. Lilipoinuliwa, pua ya gari ilishuka hadi matairi ya mbele yakakaribia kugusa bodi.

"Kawaida hiyo, bwana," muuzaji alisema. "Gari litazoea."

"Mzee, mwanao angekuwa na pikapu ndogo kama hii, ungemfungia?" nilimuuliza.

Alifuta mikono kwa kitambaa, polepole. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tufike, akajibu kwa Kiingereza: vitu vilivyotumika huuzwa kama vilivyo, bila dhamana.

Shemeji aliacha kutabasamu. Alichukua spana ya muuzaji bila kuomba, akaanza kufungua bolti za sepeto.