Kioo cha one way kilivyomuanika mama yangu, na mimi ndiye niliyekichagua

Wakuu, salaam aleikum. Hii naiandika kichwa nimeinamisha, na wallahi sijaongeza chumvi.

Nilimjengea mama yangu nyumba hapa Waberi, mjini Garissa. Kwetu kijijini Hadado sisi ni watu wa ngamia, na mimi ndiye wa kwanza kukaa ofisini. Basi nikajiona injinia.

Fundi wa madirisha, Mkamba mmoja mpole, alikuja na vipande vya vioo akaanza kunieleza. Hiki ni clear, unaona moja kwa moja. Hiki ni frosted, cha bafuni, mtu anaonekana kivuli tu. Hiki tempered, kikivunjika kinamwagika punje punje. Hiki reflective, wengine wanaita one way.

Nilipoona hiyo reflective inavyong'aa, nikasema weka nyumba nzima.

"Bosi, lakini hii inategemea mwanga. Inaficha upande wenye..."

Nikamkatiza. "Fundi, mimi najua. Wewe pima, ukate."

Wakuu, sikujua chochote. Nilikuwa nimeiona kwa benki tu, tena mchana.

Hooyo, yaani mama, alipohamia akauliza pazia ziko wapi. Nikacheka. Nikamtoa nje saa sita, jua la Garissa mnalijua, nikamwambia achungulie ndani. Akajiona mwenyewe tu. "Umeona? Wewe utaona watu, wao hawakuoni."

Akaniamini, si mimi ndiye mtoto aliyesoma. Na niseme ukweli wote: sikutaka pazia zifiche fremu zangu za alumini.

Wiki tatu zikapita. Kila jioni hooyo anawasha taa, anavua mtandio, anakaa kwa dirisha la barabarani kwa sababu feni iko hapo. Na hiyo barabara ndiyo ya kwenda msikitini.

Siku moja nimekuja kumtembelea, baada ya maghrib mzee jirani yake akanishika mkono nje ya msikiti. Hakuniangalia usoni.

"Adeer," akaniita, kama mzee wa kwetu anavyomwita kijana, "weka pazia kwa nyumba ya mama yako. Sisi siku hizi tunapita njia ya nyuma."

Nilikimbia mpaka nyumbani, nikasimama nje. Hooyo amekaa kichwa wazi, anachana nywele zake za mvi. Nilikuwa naona mpaka meno ya kitana.

Kumbe hicho kioo kinaficha upande wenye giza. Mchana giza liko ndani. Jioni ukiwasha stima, giza liko nje, na wa nje ndiye anayeona. Hilo ndilo fundi alitaka kumalizia.

Wazee wa watu wanazunguka njia ndefu kumsitiri mama yangu, na mimi mwanawe ndiye nimemuanika! Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilimwambia ukweli. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Tangu nihamie?"

Nikasema ndiyo.

Kesho yake niliweka pazia nzito, mbili mbili. Fundi nilimpigia simu nikamwomba msamaha, akasema yameisha.

Kuuliza si ujinga, tumeambiwa tangu shule. Fundi akitaja kitu hukijui, nyamaza umsikilize mpaka mwisho. Na kioo cha aina hii kijaribu jioni, taa ikiwaka ndani, wewe ukiwa nje.

Pazia zimefungwa sasa, lakini hooyo havui tena mtandio ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mwenye kujua nitamrudishiaje amani yake aniambie hapo chini. Wa kunitukana pia karibuni, nimestahili.