Muhogo Uliopungua Makunduchi

Programu ile ya takwimu nilijifunza peke yangu, nyumbani Kikwajuni, kamusi upande mmoja na daftari upande wa pili. Kazi yake haina siri. Unaipa uzito wa mavuno ya kila aina ya muhogo kutoka kila shamba la majaribio, nayo inakuonyesha aina ipi inazaa kwa uthabiti popote, na ipi inategemea udongo mzuri. Kwa majibu yake ofisi yetu ya kilimo huchagua mbegu za kugawia wakulima. Kwa hiyo kila tarakimu niliihakiki mara tatu.

Aina moja ilizaa sana Kidichi kwenye udongo mzuri, ikaporomoka Makunduchi kwenye ardhi ya mawe. Programu ikaiweka mwisho. Nikaandika isigawiwe, nikatia saini.

Baadaye nilikwenda Makunduchi kumwarifu bibi mwenye shamba tulilofanyia majaribio. Yeye na majirani zake walikuwa wakiisubiri mbegu hiyo, maana muhogo wao wa zamani ulikuwa ukiozea ardhini kwa maradhi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, muhogo wetu umefaulu?"

Nikamwambia umezaa kidogo.

"Kidogo!" Akacheka mpaka akakaa. "Mtaa mzima umefuturu kwa muhogo huo Ramadhani yote. Hiyo kompyuta yako imewahi kufunga?"

Akanipeleka uani kwenye shina lake mwenyewe. Alifukua pembeni kwa kijiti, akatoa muhogo mmoja, akarudisha udongo na kuukanyaga. Shina likabaki limesimama kama halikuguswa.

"Mlipokuja kuvuna, si mliyakuta mashina yote?"

Tuliyakuta. Tuliyahesabu, tukapima kilichobaki chini yake, na hatukuuliza neno.

"Mbona aina nyingine hazikupungua?" nikauliza.

"Zile ngumu kama kuni? Nani atampelekea jirani?"

Niliporudi ofisini nilifuta mavuno ya Makunduchi, nikaandika kuwa hayajulikani. Programu ikashindwa kuipa aina ile nafasi yoyote. Nikamweleza mkuu wangu kosa langu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nakuamini," alisema. "Lakini sigawi mbegu kwa habari za futari. Ijaribiwe msimu mwingine."

Msimu mwingine, huku muhogo wa kwao unaoza.

Jaribio lilipopandwa upya, nikampelekea bibi mizani ndogo ya kuning'iniza na daftari. Nilimwomba apime kila muhogo anaoufukua, aandike, kisha ndipo ampe jirani.

Safari hii hakucheka. "Jirani yuko mlangoni, magharibi inaingia, nami nimpimie futari yake? Atanifahamuje?"

"Pima kabla hajafika, Bi."

"Nitajuaje kama anakuja?"

Ningeweza kumwambia asimpe mtu kabisa, na tarakimu zangu zingekuwa safi. Niliona haya kulisema, na mpaka leo sijui kama nilifanya sawa. Bila vipimo vile, aina hiyo itaanguka tena, nao watakosa mbegu.

Aliitundika mizani kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni.

Sasa ni Ramadhani. Kila Ijumaa nampigia simu, namuuliza hali, halafu namuuliza mizani.

"Ipo," hunijibu. "Haijaanguka."

Daftari simuulizi.