Kuku Aliyefundishwa Kutoa Doa

Enzi zile za Mwingereza, Igamba yetu ilijaa sakafu za udongo. Ya wakwe zangu peke yake ndiyo iliyokuwa ya mawe. Baba mkwe alikuwa mwashi. Walipomaliza kujenga kanisa la misheni aliachiwa vipande vya jiwe jeupe la bonde la Songwe, akavibeba kidogo kidogo hadi nyumbani na kuvipanga sebuleni mwake. Wageni walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, wale waliokuwa navyo.

Mimi nilikuwa bibi harusi mgeni, nimeletwa kutoka upande wa Tunduma. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, na njia nzima nilijiambia kwamba sasa napata baba. Kumbe wapi. Kwa desturi, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe uso kwa uso, wala hasemi naye. Akiingia kwa mlango wa mbele, mimi natoka kwa wa nyuma. Basi baba niliyempata nilimjua kwa kikohozi tu.

Mama mkwe alipokwenda Isansa kumwuguza dada yake, nilimwaga mafuta ya nyonyo katikati ya sakafu ile. Nilifuta, doa likazidi kuzama. Nikakumbuka ndimu inavyong'arisha sufuria. Nikakamua, nikasugua kwa nguvu zangu zote. Jiwe likatoa povu, likapoteza mng'ao, na doa likabaki palepale. Nilikaa chini nikalia. Niliona wazi kwamba nitarudishwa kwetu, tena na mtu ambaye sijawahi hata kumwamkia.

Ndipo nikasikia kikohozi nje ya dirisha.

"Wewe kuku," ilisema sauti, "ndimu inakula jiwe hili. Ndimu weka kwenye samaki."

Nikafuta machozi, nikatega sikio. Baba mkwe alikuwa akisema na kuku kwa Kiswahili, maana Kinyiha changu kilikuwa bado kinachechemea.

"Chukua udongo mweupe, ule wa kupaka ukutani. Changanya na maji ya moto, uwe kama uji mzito. Bandika juu ya mafuta, funika na kitambaa, uache ukauke wenyewe. Usiwe na haraka, kuku. Jiwe limekunywa polepole, litatapika polepole."

Nilifanya hivyo. Udongo ulipokauka ulikuwa umegeuka manjano kwa mafuta, nikaubandua na kubandika mwingine. Kuhusu pale palipoliwa na ndimu, kuku aliambiwa asugue kwa maji na jiwe laini la mtoni, kwa kuzungusha mkono. Jiwe lenyewe nililikuta kizingitini. Nilicheka peke yangu kumwaza kuku mwenye kazi nyingi hivyo, na moyo wangu ukatulia.

Asubuhi moja doa halikuwepo. Niliposikia kikohozi mlangoni nilikimbilia jikoni, nikajibanza nyuma ya mlango. Aliingia sebuleni, akasimama. Nilisikia magoti yake yakilia alipoinama kupapasa jiwe. Kisha akatoka uani, akaja karibu na jiko.

"Asante, mwanangu," alisema.

Nilisubiri aende zake, ndipo nikachungulia. Kuku wote walikuwa mbali, kule kwenye mahindi. Uani zilibaki nyayo zake tu, zimeuelekea mlango wa jiko.