Waliosimama Milangoni

Watu wa Makambako walimjua Esnath Mlowe, mzaliwa wa Kichiwa mwenye studio ndogo, kwa picha za pasipoti na za kipaimara. Lakini alichokipenda hasa ni majengo ya zege ya miaka ya sabini: paa bapa, ngazi za nje, kuta za matofali ya matundu. Marehemu baba yake alibeba zege la majengo hayo, akiamini ni mali ya wote. Sasa yalikuwa yakivunjwa moja moja, na Esnath alitaka walau sura zake zibaki.

Asubuhi moja ya ukungu alikuwa akipiga picha jengo la zamani la ushirika, ambamo familia zisizo na pa kukaa zilikuwa zimehamia. Aliposhusha kamera, akakuta watu wamemzunguka.

"Kamwene," alisalimu kwa Kibena.

"Nani kakutuma?" aliuliza mwanamume mwenye sepetu.

"Sijatumwa, kaka. Napenda tu jengo."

"Ni huyuhuyu!" mwanamke mmoja alipaza sauti. "Alikuja kwetu Njombe, na huko pia akasema anapenda jengo. Hatujakaa sawa, likachorwa alama nyekundu, tukabomolewa!"

Esnath alikumbuka. Kweli alikwenda. Picha zile alimpa bwana mmoja aliyesema anaandika kitabu. Kama ndizo zilizoleta alama, hakujua. Na asiyejua ataapaje?

Mkono ukavuta mkanda wa kamera shingoni mwake. Mwenye sepetu akasogea, Esnath akafumba macho.

"Mwacheni apumue," ilisema sauti nzito. Alikuwa Bibi Zita, mkazi wa siku nyingi kuliko wote pale. "Mwanangu, mbona picha zako hazina watu?"

"Nilitaka jengo lionekane, bibi."

"Ndiyo maana wanaotaka kulivunja wanasema ni ghala tupu. Tupige sisi, kila mtu mlangoni kwake. Na picha ututolee, tukae nazo kama ushahidi."

Walisimama bila kutabasamu, yule mwanamume akiwa bado na sepetu mkononi. Picha za kwanza zilitoka ukungu mtupu, mikono ilivyokuwa ikimtetemeka. Alirudia hadi zikatulia, na kesho yake akawapelekea zikiwa zimesafishwa.

Alama haijachorwa bado. Lakini kila gari geni likikata kona kuelekea kule, Esnath hufunga studio, akalifuata kwa miguu, kamera shingoni, aone kama limebeba rangi nyekundu.